Fundi Keziya na walevi wa mianzi wa Ngonga

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua halijatoka sawasawa, na ndege wanakula mpunga wa watu.

Keziya Mwasandube anawaona vizuri. Amesimama ndani ya mfereji, maji yanamfika magotini, kanga ameikaza kiunoni, na harushi hata bonge la tope. Juu ya tuta wamejipanga watoto kumi na wanne ambao mikono inawawasha. Yeyote kati yao angeweza kulitimua kundi lile kwa kombeo kabla hujamaliza kupiga chafya. Fundi amewakataza.

"Tulieni," anawaambia. "Hesabuni kwanza."

Kandokando ya mfereji imesimikwa mianzi kumi na minne, kila mmoja ukining'inia katikati ya vijiti viwili kama bembea. Maji yanamwagikia mdomoni mwake taratibu. Mwanzi ukijaa unainama, unatapika maji yote, kisha unarudi nyuma kwa kishindo na kulipiga debe kwa kitako. Watoto wameupa jina la mlevi, kwa sababu unakunywa, unaanguka, unainuka, halafu unakunywa tena. Akina mama wa kwaya ya kanisani walilalamikia jina hilo kwa siku moja, na siku ya pili wakalizoea.

Ko, inalia mianzi yote kwa pamoja. Kimya. Watoto wanahesabu kwa sauti ya chini hadi ishirini na mbili. Ko, inalia tena yote kwa pamoja.

Siku tatu za kwanza mlio huo uliwapeleka ndege hadi ng'ambo ya kijito. Leo, siku ya nne, wanainua vichwa tu, wanangoja kishindo kipite, kisha wanaendelea kunywa chai yao.

Mwenye mpunga anatokea kwenye njia ya migombani akiwa ameshika kombeo. Ni Nsajigwa, mkulima wa makamo, mtu wa maneno machache. Hata akiwa na hasira kiasi hiki hawezi kuanza neno bila salamu.

"Mwagonile, Fundi."

"Mwagonile, baba Kisa."

"Ndege wanakula mpunga wangu, na wewe unahesabu?"

"Nahesabu kwa sababu na wao wanahesabu," anajibu Keziya.

Nsajigwa anapachika bonge la tope. Anazungusha kombeo mara mbili, bonge linaruka, na kundi zima linainuka juu ya jaruba lake kwa mvumo mkubwa. Kipande cha ukubwa wa kitanda kimebaki na mabua matupu. Binti yake Kisa, mwenye umri wa miaka kumi na moja, anaangalia miguu yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo ya Juni mwaka huu wa 1996, hapa Ngonga, wilayani Kyela, Keziya ana siku moja tu mkononi. Kesho saa kama hii ndege wakila tena, kambi yake ya likizo inafungwa, na yeye mwenyewe ametoa kauli kwamba haitafunguliwa tena.

Watu wa Kyela hawahitaji kuelezwa jambo hili, lakini wa mbali inafaa waelewe. Likizo ya Juni huangukia wakati mpunga unakomaa, na mpunga ukikomaa, kazi ya mtoto ni kuamia ndege. Anaamka kabla ya jua, anakaa kwenye kibanda cha nyasi na kombeo na debe bovu, anapiga kelele hadi sauti inakauka. Mwezi mzima unakwisha hivyo. Mzazi hana roho mbaya, ila mpunga ndio chakula, ndio sare ya shule, ndio mchango wa madawati.

Sasa ukija na habari kwamba unawataka watoto haohao wiki mbili, wakae kwenye ghala wafungue redio zilizokufa, wawashe taa kwa dainamo ya baiskeli na kufinyanga udongo, lazima ujue unaomba nini.

"Nilijua ninaomba mikono ya shambani," anasema Keziya. "Basi nikasema, hao watoto waje watengeneze kitu cha kufanya kazi ya hiyo mikono. Wakikitengeneza, ndiyo fizikia yenyewe hiyo."

Keziya, mwenye umri wa miaka 44 na mama wa watoto watatu, hakusoma fizikia darasani. Aliingia karakana ya kiwanda kimoja cha umma mjini Mbeya akiwa mfagiaji. Akafagia huku macho yapo kwenye mashine, hadi msimamizi mmoja akachoka kumfukuza na kumpa tupa ashike. Miaka kumi na tatu baadaye alikuwa mwanamke pekee aliyesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma.

Mwaka 1993 kiwanda kikapunguza wafanyakazi ili kipate mnunuzi. Walibaki wenye vyeti. Keziya alipewa kiinua mgongo cha shilingi 180,000, akashuka Kyela na jiliwa moja la kubania vyuma, msumeno wa chuma, tupa nne na keekee ya kutobolea. Leo anatengeneza baiskeli, tochi na redio nje ya nyumba yake. Siku nzuri humpa shilingi 800. Masika, barabara ikijaa maji, anaweza kukaa siku tatu hajashika hata noti moja.

"Nilijua kazi, lakini nikiulizwa kwa nini chuma hiki kinafanya hivi, nilikuwa sina la kusema," anaeleza. Hapo sauti yake inashuka, na uchungu bado haujamtoka. "Waliobaki walikuwa wanakuja kuniuliza mimi mashine inawashwaje. Sitaki watoto hawa waondolewe mahali kwa sababu hiyo. Nataka washike, halafu waseme kwa nini."

Ghala analotumia lilikuwa la chama cha ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuufuata mpunga mlangoni kwa mkulima, limebaki la popo. Uongozi wa kijiji ulimruhusu alitumie wakati wa likizo. Kila mtoto huja na kikombe cha mchele na kisu chake. Ada hakuna. Misumari na nyaya ananunua mwenyewe.

Mwaka jana, 1995, ndiyo ilikuwa kambi ya kwanza, na ilimpa jina baya. Watoto walitengeneza pangaboi za bati na kutandaza utepe wa kaseti juu ya mpunga wa Nsajigwa. Upepo ukipita, utepe unalia kama nyuki na bati linapiga makelele. Walijaribu mbele ya wazazi saa nane mchana, upepo wa ziwa ukivuma kwa nguvu, na wazazi wakapiga makofi.

Kesho yake alfajiri hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Upepo wa ziwa huamka saa nne. Ndege huamka saa kumi na mbili. Watoto walikuwa wamelala kwa raha, mashine zimenyamaza, na ukingo mzima wa jaruba ukaliwa.

"Nimezaliwa hapa," anasema Keziya, akitikisa kichwa. "Upepo huo naujua tangu tumboni. Lakini nilikuwa nimekaa karakanani muda mrefu, nikasahau kwamba ndege hawali saa nane mchana."

Ndiyo maana mwaka huu aliachana na upepo akashika maji, maana maji ya mfereji hayalali. Na ndiyo maana, alipokutana na wazazi ghalani mwishoni mwa Mei, Nsajigwa alisimama wa kwanza kukataa.

"Mimi nilishachanga mwaka jana," alisema, na watu wakacheka. Keziya hakucheka. Aliomba siku tano tu, katika majaruba yaliyo kando ya mfereji, likiwemo la Nsajigwa na robo eka ya Keziya mwenyewe. Siku hizo watoto kumi na wanne wasiamie. Ndege wakila, atafidia kutoka kwenye mpunga wake, ambao ndio chakula chake cha mwaka. Na siku ya tano wakila, kila mtoto arudi kibandani kwake, na yeye hataomba mtoto wa mtu tena.

Turudi mferejini, asubuhi ile ya nne. Nsajigwa bado ameshika kombeo. Keziya ametoka majini na anaitazama mianzi yake kumi na minne, mizuri, iliyolingana hadi inatia raha. Kila mmoja aliupima kwa rula. Uliozidi nusu sentimita aliurudisha. Kiwandani, vitu kulingana ndiyo sifa ya fundi.

"Fundi," anasema Kisa, kwa sauti ya mtu ambaye baba yake yupo. "Kule chini ndege hawaendi."

"Kule chini wapi?"

Kisa anaonyesha mwisho wa mfereji, karibu na mafunjo. Huko, peke yake, kuna mwanzi wa kumi na tano. Ni mfupi, umepinda, na tundu la ekseli, pale unapoinamia, limekwenda upande. Kisa aliukata siku ya kwanza, Fundi akaupima, akaukataa, akamwambia arudie. Alirudia. Lakini ule wa kwanza akauonea huruma, akaenda kuusimika kimyakimya mahali ambapo rula haifiki.

Mwanzi huo unalia unapojisikia. Mara baada ya hesabu ya tisa, mara kumi na saba. Wakati mwingine unainama nusu, unabadili mawazo, unarudi. Mpunga ulio mbele yake haujaguswa hata suke.

Keziya anausikiliza kwa muda mrefu. Kisha anacheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu hadi anajishika kiuno.

"Nimewafundisha ndege saa," anasema. "Kiwanda kimeniondoa, lakini mimi sijakiondoa kichwani. Nimetengeneza saa ya ukutani nikawapa ndege waitazame."

Nsajigwa anamwangalia kama anayetafakari kumwita mganga. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo leo tunaiharibu yote."

Kazi ilianza saa mbili. Rula ilifungiwa ndani. Kila mtoto aliambiwa aukate mwanzi wake atakavyo, mrefu au mfupi, atoboe tundu mbele au nyuma, ila kwa sharti moja, kabla hajausimika aseme utaliaje na kwa nini. Waliotabiri vibaya walichekwa, kisha wakatabiri tena. Kufikia mchana mtoto wa darasa la nne alikuwa anawaeleza wenzake kwamba tundu likisogea nyuma, mwanzi hukubali kuinama kwa maji machache.

Marta, mfinyanzi wa kabila la Wakisi kutoka ufukweni mwa ziwa, ambaye huja kuwafundisha udongo kila Alhamisi, alikuta vurugu hiyo akaweka kapu lake chini. Alisikiliza madebe, akakunja uso.

"Yote yanasema neno moja," alisema. Akatoa vigae vya vyungu vilivyopasuka tanuruni, akavifunga kwa kamba mahali pa baadhi ya madebe, kimoja kinene, kimoja chembamba, kimoja shingo ya mtungi. Watoto wakavipaka chokaa na udongo mwekundu, macho na midomo, kwa sababu Marta hakubali kitu kitoke mkononi mwa mtu kikiwa uchi. Mlio wa mfereji ukabadilika kabisa. Huku kinalia chungu, kule debe, mara kimya, mara viwili kwa mpigo.

Keziya anakiri kwamba usiku huo hakula. Alimwuliza Mungu kama kweli amewapeleka watoto wa watu kwenye aibu mara mbili.

Ijumaa, siku ya tano, tuta lilijaa. Walikuja wazazi, wakaja hata wasiokuwa na mtoto kambini. Saa kumi na mbili na robo kundi likatokea upande wa mafunjo, likazunguka juu ya jaruba la Nsajigwa, likashuka. Chungu kikalia. Likainuka. Likashuka tena mbele kidogo, debe likalia, kisha shingo ya mtungi. Ndege walizunguka mara nne, na mara ya nne wakakata shauri, wakavuka kijito.

Mzee mmoja mwenye shamba huko ng'ambo aliondoka mbio bila kuaga, na hapo ndipo watu walipocheka.

Keziya hakucheka. Aliketi juu ya tuta akafuta uso kwa ncha ya kanga, na ambaye alidhani ni maji ya mfereji, shauri yake.

Jumamosi mchana alifika kwa Nsajigwa na debe la mpunga kichwani, aliouvuna kwake kabla haujakauka vizuri. Ilikuwa fidia ya kipande kilicholiwa Alhamisi, kama alivyoahidi. Alikuwa pia amekuja kuuliza kama wiki ya pili Kisa atapatikana. Nchi ndiyo hii ya sasa, alisema, kila mtu anajitafutia, na yeye hana cha kumlazimisha mtu. Mpango wake ni jiliwa la pili, kambi nyingine Desemba, na siku moja kuwaona angalau wawili kati ya hawa kumi na wanne wakienda shule ya ufundi, wakirudi na cheti ambacho yeye alikosa.

Nsajigwa alimtua lile debe. Akamwita mkewe alete kigoda. 

"Ndaga, Fundi, asante," alisema. "Huu mpunga rudi nao."

"Baba Kisa, nilitoa kauli mbele ya watu."

"Na mimi nasema mbele yako. Kila mahali siku hizi mtoto hafundishwi bila ada. Wewe peke yako husemi ada." Alimwangalia binti yake, aliyekuwa mlangoni akijifanya anapeta mchele. "Ule ulioliwa na ndege, hiyo ndiyo ada ya Kisa ya mwaka huu. Ya mwaka kesho utaniambia mapema, nijipange."

 Keziya alitoa daftari kwenye mfuko wa gauni, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake mwaka 1997, na chini yake jina moja, Kisa.