Wakwe Waliokatwa Vipande

Mimi hutengeneza kompyuta hapa Tawa, na kiburi changu ni mfumo wa Linux, ninaouweka badala ya Windows. Wateja huniuliza mbona sizipangi upya diski zao kila mwezi kama walivyozoea. Nawaambia Linux haibananishi faili zote kwenye kona moja. Kila faili huachiwa nafasi pembeni ikue, kwa hivyo ni nadra kukatwa vipande. Wananitazama tu, kisha wanaenda zao.

Basi siku mchumba wangu alipoleta watu wao kutoka Nuu na mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza wa posa, Mama akanipa kazi ya kupanga viti sebuleni. Nikapanga kitaalamu: ukoo huu hapa, viti vitupu, ukoo ule pale, viti vitupu tena.

"Na hii mianya ni ya nini?" Mama akauliza.

"Ni ya kukua. Wewe tulia."

Tuliambiwa watakuja wanane. Wakaja ishirini na mmoja, na majirani zetu walishaketi kwenye mianya. Hapo hata Linux hushindwa: diski ikikaribia kujaa, faili hukatwa na kutupwa popote penye upenyo. Mama mkwe alijikuta kando ya friji, peke yake.

Baba aliwauliza swali moja tu: harusi iwe Agosti au Desemba? Msemaji wao akainuka kukusanya maoni kiti kwa kiti, akiruka magoti ya watu. Alipofika kwa wa mwisho, wa kwanza alishabadilisha nia. Akaanza upya. Mara ya tatu alikanyaga sahani ya chapati, akanuna, na mama mkwe akaanza kutafuta mkoba wake. Nilishikwa na hofu kwamba posa inavunjika.

Dawa naijua: toa kila kitu kwenye diski, kisha rudisha kwa mpangilio. Nikasimama, nikapaza sauti, "Tokeni nje wote!"

Mama akajifunika uso kwa leso. Niliona aibu kupita kiasi, lakini nilishaanza. Nikawatoa, nikawarudisha, watu wa Nuu pamoja upande mmoja, majirani wakabaki dirishani. Msemaji akauliza, wakanong'onezana, na jibu likaja kabla sijaketi: Desemba.

Kisha mama mkwe akatangaza, "Sawa. Lakini huyu akikuja kwetu, kazi ya viti asipewe!"

Nyumba nzima ilicheka. Habari ya viti mimi sikuisikia. Nilisikia tu "akikuja kwetu", nikalia kwa furaha.