Kumi na Moja za Panjani

Sijawahi kumchukia mtu haraka kama nilivyomchukia yule muuza mafuta ya nywele wa Kariakoo, na mwanzoni kosa lake lilikuwa koti jeupe tu. Hakuwa daktari. Alikuwa na chumba ghorofa ya pili, katikati ya maduka ya mawigi, na kamera ndogo yenye taa iliyounganishwa na simu.

Nilikwenda kwa sababu ya mapanja. Miaka ishirini ya kusuka rasta za kukaza ilikuwa imeninyonyoa pande zote mbili za uso, nikafika mahali nafunga kilemba hata mbele ya mume wangu. Nilitaka kujua jambo moja: nywele zitarudi au hazirudi?

Akabandika kamera kwenye panja la kushoto. Ngozi yangu ikatokea kubwa kwenye simu, na mraba mwekundu juu yake. Akanieleza kuwa unene wa unywele si hoja. Hoja ni nywele ngapi zimo ndani ya mraba, na penye afya tundu moja hutoa mbili, hata tatu. Zangu zilikuwa kumi na tisa, mojamoja, zimekaa mbalimbali kama watu waliogombana. Akaandika kwenye kadi, akanipa mafuta yanayonuka vitunguu, akasema nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilipaka asubuhi na jioni. Mume wangu akahamia ukingoni mwa kitanda. Nikaendelea kupaka.

Niliporudi, benchi lilijaa wanawake. Akanikalisha, akanigusa na kamera, akatangaza ili wote wasikie: "Sabini na moja! Mamaangu, mafuta yamejibu!" Benchi likapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nasikilizia ule ubaridi wa kamera. Ulikuwa kisogoni.

"Umepima wapi?"

"Kichwani, mama."

"Pima palepale ulipopima mwanzo."

"Si kichwa ni kilekile, mamaangu?"

"Usinifanye mjinga. Kisogo changu hakijawahi kuwa na shida. Pima panja, la sivyo hiyo kamera naitupa dirishani."

Nilikuwa nimesimama kichwa wazi mbele za watu, na sikujali. Akapima. Safari hii sikungoja atangaze, nikahesabu mwenyewe, kidole juu ya kioo cha simu: kumi na moja. Kwingine ngozi iling'aa, haina hata tundu.

Nilimtukana matusi niliyokuwa sijui kama nayajua. Kisha nikamgeukia mwanamke aliyekuwa anasubiri zamu yake, nikamwambia ahakikishe anapimwa mbele.

Akavuta mtandio wake ukafunika paji la uso. "Dada, ya mbele nayaona kila siku nyumbani," akasema. "Niache anipime hukohuko nyuma."

Akakaa kwenye kiti nilichotoka. Nikamchukia na yeye, maana angerudi kwake na sabini, na mimi kumi na moja zangu nilizidai mwenyewe, kwa kupiga kelele.