Mkono wa Shangazi kwenye Pampu

Shangazi yangu anauza miche, na kila asubuhi hupita kwa jirani kumsalimia. Salamu zenyewe ni kisingizio. Jirani huyo, mwosha magari tunayemwita Povu, anavuta maji ya kijito kilekile anachovuta shangazi. Wakiulizana habari za nyumbani, shangazi huegemeza kiganja kwenye pampu ya jirani. Ikiwa ya moto, Povu amevuta maji.

Vibali vyao vya kuvuta maji vinasema jambo moja: maji yakishuka chini ya mstari mwekundu kwenye nguzo ya daraja, ni marufuku kuvuta mpaka yapande tena. Mkaidi ananyang'anywa kibali. Kiangazi hiki yalishuka. Shangazi akaomba kibali cha kisima, akachimba palepale ukingoni ambapo maji yako karibu, akafunga pampu. Kisima kiliokoa nusu ya miche. Nusu nyingine ilisubiri kijito kilichogoma kupanda, majani yakijikunja.

Pampu ya Povu ilikuwa baridi kila asubuhi.

"Anaipoza kwa matambara," shangazi aliniambia. "Yule si mtu wa kuachiwa maji."

Siku alipojifunga khanga kwenda kumshtaki kwa bwana maji, afisa anayetoa vibali, Povu alikuwa mlangoni kwetu.

"Mama Miche, unanipapasia pampu kama daktari. Umepata homa?"

"Nimepata mwizi."

"Basi mtafute na kwako. Kisima chako kinanguruma kutwa, hatua chache tu kutoka kijitoni."

"Kisima kina kibali chake. Mto ni mto, kisima ni kisima."

"Hayo ni ya karatasi. Huko chini ya ardhi nani kayatenganisha maji? Kizime leo. Maji yasipopanda, nitakusindikiza mwenyewe ukanishtaki."

Shangazi alimtazama kama mtu anayeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Akazima. Kutwa nzima alikaa kwenye kigoda, macho kwa Povu, ambaye alikuwa akifuta magari kwa kitambaa kikavu.

Kesho yake tulikwenda darajani. Mstari mwekundu ulikuwa umefunikwa.

"Labda imenyesha huko juu," alisema shangazi, lakini khanga ya kwenda kushtaki aliifungua.

Sasa kisima kinapumzika, na miche yote inakunywa kijitoni, kwa zamu na Povu. Kila asubuhi Povu naye hupita kutusalimia. Anauliza hali ya shangazi, hali yangu, hali ya miche, na muda wote huo kiganja chake kiko juu ya pampu ya kisima.