Malalamiko ya Mdomo

Watu wa jengo lile walimwita Mzee Mizani, na si kwa kumsifu. Kila zabuni ya serikali iliyozua ugomvi iliishia mezani pake, naye alizipima hoja polepole mpaka mawakili wakapiga miayo. Alikuwa mwenyekiti wa jopo la rufaa, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, ingawa magoti yake yalishastaafu zamani.

Alipokuwa ofisa ununuzi hapakuwa na jopo. Palikuwa na benchi nje ya mlango wake. Mzabuni aliyeona kaonewa alikuja, akaketi, akasema lililomkaa moyoni. Mizani akamwita aliyeshinda, faili likafunguliwa mbele ya wote wawili, na kama kosa lipo likarekebishwa kabla chai haijapoa. "Lianze mdomoni," alikuwa akiwaambia. "Karatasi ni ya watu wasiosalimiana." Na mtu wa wakati ule akikuambia njoo kesho, kesho ulimkuta. Sasa benchi limeondolewa. Pamewekwa mashine ya maji isiyotoa maji.

Asubuhi hiyo mlalamikaji alikuwa Mama Randa, mjane aliyeachiwa na mumewe karakana ya useremala na mafundi wake. Zabuni ilikuwa ya madawati ya shule. Masharti yalitaka mbao ngumu. Kampuni iliyoshinda ilileta sampuli ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya mti. Sampuli zote mbili zilisimama pale ukutani, na kipofu angeweza kuzitofautisha kwa kidole. Mama Randa akiikosa kazi hii, karakana inafungwa. Mafundi walikuwa wamekaa huko wakingoja neno lake.

Ofisa ununuzi, kijana mwenye shati lililonyooka kuliko maneno yake, hakugusa habari ya mbao kabisa.

"Waheshimiwa, sheria inampa mzabuni muda wa kulalamika kwa maandishi. Barua ya mama huyu imekuja muda umepita. Rufaa itupwe."

Mwanasheria wa jopo, mwanamke aliyezoea kusema mambo magumu kwa sauti laini, akamgeukia Mama Randa. "Mama, mbona ulichelewa?"

"Sikuchelewa, mwanangu. Matokeo yalipotoka tu nilikwenda ofisini kwake, nikamweleza. Akaniambia, 'Nenda kapumzike, mama, hilo niachie mimi.' Niliporudi akasema bado kidogo. Sasa mtu amekuambia niachie, utamwandikia barua ya nini? Si kumtukana huko?"

Mhandisi, wa tatu katika jopo, akacheka. "Mama, siku hizi hata mke na mume wanaandikiana."

"Ndiyo maana wanaachana," akajibu Mama Randa, na hata karani akainama kuficha meno.

Mzee Mizani hakucheka. Alimkazia macho ofisa. "Alikuja kwako?"

"Wanakuja wengi, Mwenyekiti."

"Sikukuuliza wengi."

"Alipita kunisalimia. Sina maandishi yoyote kwamba alilalamika."

"Wala sikukuuliza maandishi. Nakuuliza wewe. Ulimwambia akuachie?"

Ofisa akaitazama simu yake kana kwamba jibu litatokea humo. "Sikumbuki, Mwenyekiti."

Zamani mtu kukana kauli yake mbele ya yule aliyemwambia lilikuwa jambo la kumhamisha mji. Huyu alikunja nne tu, akangoja swali lingine.

"Marehemu ndiye aliyenifundisha hivyo," Mama Randa akasema, sasa akimwangalia mwenyekiti peke yake. "Alisema alifundishwa benchini kwako, mzee. Lianze mdomoni."

Mizani akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Watu walipotolewa nje, mwanasheria akasema, "Sote tunajua anadanganya. Lakini tukipokea malalamiko ya mdomo leo, kesho kila aliyeshindwa atadai alilalamika kwa mlinzi wa getini."

Mhandisi akaafiki. Mizani akazitazama tena zile sampuli ukutani. Hilo ndilo lililomchosha kuliko ngazi za jengo: sheria yenyewe haikuwa mbaya. Ilitungwa kwa ajili ya watu wanaokana kauli zao, na hao ndio waliobaki. Akaandika kwamba yeye hakubaliani na wenzake, akijua wawili humshinda mmoja, akatia saini.

Uamuzi ulikuwa utumwe kwa mtandao. Akainuka akaupeleka mwenyewe ukumbini, alikomkuta Mama Randa amesimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa.

"Tumeikataa, shemeji. Si kwa mbao. Kwa muda."

"Kwa hiyo mbao zangu ni nzuri."

"Ni nzuri."

"Na yale maranda yatakwenda shuleni."

"Yatakwenda."

Mama Randa akajifunga kanga vizuri, kama mtu anayetoka msibani. "Basi nikawaambie mafundi wangu watawanyike. Kwa mdomo. Barua sikuzoea."

"Shemeji, siku nyingine usiende kumwona mtu," Mizani akasema. "Andika kwanza, ipigwe muhuri. Kusalimiana baadaye."

"Hayo ni maneno yako wewe?"

"Sasa ni yangu."

Aliyeshindwa huchukua sampuli yake. Ile ya washindi, mfagiaji aliibeba kwa mkono mmoja kuipeleka stoo, ufagio mkono wa pili. Ya Mama Randa ilikuwa dawati na kiti chake pamoja, mti mtupu. Mizani akashika upande mmoja, mjane upande wa pili, wakashuka nalo wakihema. Nusu ya ngazi mzee akaomba kupumzika.

Wakalitua kwenye kona, wakaketi wote wawili katika kile kiti cha watoto, magoti yamewapanda kifuani. Dawati halikulia hata kidogo.