Kabari nilizogonga nyuma ya picha ya Zumbe nusura ziniangamize (Lushoto, enzi za Mwingereza)

Wakuu, habari za huko mliko.

Huu ni uzi wangu wa kwanza humu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala msinicheke. Shule niliishia darasa la pili. Ila maisha nimeyapiga mwenyewe. Nyumba ya bati ya kwanza kijijini kwetu, upande wa Lukozi, ilikuwa yangu, na sikurithi hata jembe.

Ninayosimulia ni kweli tupu, siyo chai. Yalitokea kabla ya Uhuru, na wengi wenu humu hata baba zenu walikuwa hawajazaliwa. Mke wangu yupo, ni shahidi, ila hataki kabisa yatajwe nyumbani.

Kazi iliyonitoa ilikuwa kutengeneza vitambaa vya kuchorea. Vile vinavyowambwa kwenye fremu ya mbao, mchoraji anapaka picha ya rangi za mafuta juu yake. Kuanzia Mlalo mpaka Bumbuli fundi wa kazi hiyo alikuwa mmoja. Mimi.

Nilianza kwa kushona maturubai ya malori kwa fundi wa Kihindi pale Lushoto mjini. Siku moja akaja Memsahib mmoja, mjane wa Kiingereza, alikuwa anaishi njia ya kwenda Irente na kazi yake ni kuchora tu. Vitambaa vyake kutoka Ulaya vilikuwa vimeliwa na panya njiani. Akauliza nani anaweza kumtengenezea vingine. Wenzangu wakaangalia chini.

Mimi nikasema naweza. Na wala nilikuwa sijui.

Nikajifunza kwa kuharibu, mpaka nikawa naletewa kazi na wazungu wa mpaka Tanga.

Niwape elimu kidogo kabla sijafika kwenye balaa, maana hii haipatikani hovyo.

Kitambaa chagua kitani, pamba waachie washonaji wa mashati. Kiinue kwenye mwanga. Ukiona mafundo kiache, maana kila fundo litakuja kuota kwenye uso wa mtu aliyechorwa. Fremu ni mbao ya mti wa mtarakwa wa Shume uliokaushwa kivulini, haupindi na wadudu hawaugusi. Unawamba ukianzia katikati ya kila upande, pembe mwisho.

Halafu gundi. Unaloweka vipande vya ngozi ya ng'ombe mpaka vilainike, unapasha moto taratibu, na ole wako ichemke, haishiki tena. Ikishakauka juu ya kitambaa ndipo unapaka weupe, yaani rangi ya chini ya kutangulia, mwembamba, unarudia. Kukausha ni upepo wa kivulini. Ukiweka karibu na moto kwa sababu una haraka, itapasuka ukiiangalia.

Ukimaliza gonga kwa kidole. Lazima kilie kama ngoma.

Sasa hiki ndicho kilichonitia matatani, kishikeni vizuri. Nyuma ya fremu, kwenye pembe, kuna kabari. Ni vipande vyembamba vya mbao. Kitambaa kikilegea kwa unyevu unazigonga kidogo kwa nyundo, fremu inatanuka, kitambaa kinakaza. Ukizitoa kinalegea. Basi. Hakuna siri nyingine.

Yule Memsahib akamchora Zumbe wetu kwenye kitambaa nilichokiwamba mimi. Zumbe kwetu ndiye chifu wa eneo. Alimchora amekaa kitini, kanzu nyeupe, fimbo mapajani, picha kubwa kama mlango. Akampa zawadi, Zumbe akaitundika barazani anaposikilizia mashauri. Baadaye Memsahib akaenda likizo kwao, picha ikabaki.

Nyakati zile kijijini hakukuwa shwari. Serikali ilikuwa inalazimisha watu kulima matuta mashambani na Zumbe ndiye msimamizi. Watu walimchukia. Baba yangu mdogo alikuwa kati ya waliogoma hadharani, na kila mtu alilijua hilo.

Masika yakaingia. Anayejua kwetu anaujua ukungu wa masika, unakufuata mpaka ndani ya godoro. Kitambaa kikalegea. Shavu la Zumbe kwenye picha likafanya mkunjo kama mzee aliyeng'oka magego. Akaniita nikarekebishe.

Nilikuta baraza limejaa watu na kesi zao. Na mimi, wakuu, watu wakijaa huwa sinyamazi. Nikaishusha picha, nikaigeuza, nikaanza kugonga kabari. Mzee mmoja wa baraza, tumwite Mzee Shemweta, akaniuliza nafanya nini huko nyuma. Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie.

"Namkaza Zumbe, mzee wangu. Milima yote hii, wa kumkaza na kumlegeza ni mimi peke yangu."

Watu wakacheka. Zumbe mwenyewe akacheka.

Mzee Shemweta hakucheka.

Haikupita wiki Zumbe akaanguka. Mgongo umekauka kama ubao, shingo haigeuki, kifua kimebana, anavuta pumzi kwa kelele. Ndugu zake wakaita waganga, zikasomwa dua, nafuu hakuna.

Habari nilizipata sokoni, nikasema masikini, nikaendelea na yangu. Sikuunganisha kabisa. Nilianza kushtuka nilipoona watu niliowazoea wananipisha njia. Muuza chumvi akanipimia bila kuniangalia usoni. Namwamkia mtu mzima shikamoo, ananiitikia ameshanipa mgongo.

Asubuhi moja mke wangu akaenda kuchota maji, akarudi na debe tupu. Mgomba wetu wa mpakani ulikuwa umekatwa na kulazwa kukatiza njia ya kutokea nyumbani. Mmoja tu, na mkungu wake mchanga bado uko juu.

Niwaeleze msiojua. Kwetu migomba ndiyo inayoonyesha hapa anakaa mtu. Mtu akithibitika mchawi, wanafyeka migomba yake yote, kisha wanahamia kwenye nyumba. Ule mmoja ulikuwa taarifa.

Mke wangu akasema, "Tuondoke leo hii, twende kwa kaka yangu Mgwashi."

Nikamwambia tukiondoka tumekiri. Nikafikiria kwenda bomani kwa DC, maana serikali ilikuwa imekataza kumwita mtu mchawi, angewafunga. Halafu? Askari wangerudi mjini, mimi ningebaki na ndugu za waliofungwa.

Nikajifungia ndani na mke wangu. Mimi huyu huyu, fundi wa milima yote.

Mchana wakaja watu wa Zumbe. Hawakunishika wala kunitukana. Walisema tu naitwa, na nije na nyundo.

Nikaichukua nyundo, nikawafuata.

Nikakuta Zumbe amelazwa barazani kwenye kitanda cha kamba, picha iko ukutani juu yake. Ukungu umeingia mpaka ndani, wazee wamekaa wamejifunika mablanketi, nawaona nusunusu. Nikamwamkia. Aliitikia kwa midomo, sauti haikutoka.

Mzee Shemweta ndiye aliyeongea. "Ulisema mwenyewe, sote tukasikia. Umemkaza. Sasa mlegeze."

Nikaanza kueleza. Kitani, unyevu, fremu, kabari. Nikaona jinsi ninavyozidi kueleza ndivyo ninavyozidi kujizika, kwa sababu kila neno lilikuwa linawaonyesha kwamba kweli najua. Mzee mwingine akauliza gundi ile ni ya ngozi gani. Nikasema ng'ombe. Akauliza ng'ombe wa nani, na alichinjwa kwa ajili gani. Nikasema sijui, maana vipande vya ngozi nilikuwa naokota kwa wachinjaji.

Sasa fikirieni, wakuu. Nikizitoa kabari Zumbe akapona, nimethibitisha mimi ndiye niliyemroga. Nikikataa akafa, nimemuua. Nikizitoa na bado akafa, vilevile. Kila njia inaishia kwenye migomba yangu na paa langu, na mke wangu yuko peke yake kule nyumbani.

Huko uani nilisikia mtu ananoa panga. Huenda alikuwa anataka kukata majani ya ng'ombe. Huenda.

Nikamwangalia Zumbe, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa ananiogopa. Mtu anayeogopwa na tarafa nzima alikuwa anaitazama nyundo mkononi mwangu kama kondoo anavyotazama kisu.

Ndipo akili ikarudi. Nikaishusha picha, nikaiegemeza kwenye kitanda huku kabari zikimwelekea yeye. Nikamwekea nyundo kiganjani, nikamfunga vidole juu yake.

"Zumbe, uso ni wako na picha ni yako. Zitoe mwenyewe. Mkono wangu usiwemo."

Mzee Shemweta akasimama, akasema fundi anakwepa. Zumbe akainua kidole kimoja. Mzee akakaa.

Mke wake mkubwa akamshika mgongo ili akae. Alilia kwa maumivu alipoinuliwa. Nikamwonyesha kwa mbali pa kugonga, mikono yangu nimeificha kwapani wote waione haimo. Pigo la kwanza likapiga mbao. La pili likaigusa kabari, ikacheza, akaichomoa kwa vidole na kuiweka kwenye shuka.

Akapumzika. Kila akipumzika kifua kinasimama, na mimi nasimama nacho, nasubiri pumzi inayofuata ije. Akifa na nyundo yangu mkononi, sitoki pale.

Ilipotoka ya mwisho kitambaa kikashuka, kikalia kama kanga inayokung'utwa.

Akaashiria picha igeuzwe. Uso wote ulikuwa makunyanzi, mdomo umeenda upande. Akautazama. Halafu sauti ikatoka, ya kukwaruza.

"Huyu ndiye mimi. Yule aliyekazwa alikuwa ananidai ujana." Akavuta pumzi. "Mwacheni fundi aende kwake. Na mimi nipelekeni hospitali, mmenichosha na mizizi yenu."

Nilitembea mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma. Nilipofika nikauvuta ule mgomba kando ya njia.

Zumbe alibebwa kwa machela mpaka barabarani, lori la mboga likamchukua. Alirudi kiangazi anatembea. Daktari alisema ni mapafu. Kijijini walisema ni kabari. Mimi sikubishana na yeyote.

Alizifunga zile kabari kwenye leso, akawa anatembea nazo mfukoni mwa koti mpaka alipofariki, Uhuru umeshapita. Na hakuruhusu picha ikazwe tena. Masika kiangazi ikaning'inia vile vile, rangi ikapasuka, kuvu ikala kanzu. Ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote. Niliiona inaoza ukutani kila nilipopita na sikuthubutu hata kuielekezea kidole.

Mgomba ulichipua. Lakini Mzee Shemweta, mpaka anaingia kaburini, hata msikitini hakukubali mimi nisimame safu ya nyuma yake.

Nilichojifunza ni hiki. Kama kazi yako ina upande ambao watu hawauoni, iwe ufundi, kompyuta, sindano ya hospitali, vyovyote, usitambe nao mbele ya watu. Wanachokiona wao sicho unachokiona wewe. Siku mambo yakiharibika, maneno yako ndiyo yatakayosimama kutoa ushahidi.

Na wenye picha za zamani majumbani: msitundike kwenye ukuta wenye unyevu, wekeni vipande vya mbao nyuma hewa ipite. Msikaze sana wakati wa mvua, maana kiangazi kitambaa kitajikaza chenyewe na rangi itakatika. Vumbi ni kwa manyoya laini, kitambaa chenye maji hapana.

Maswali ya kitani, gundi na fremu leteni, nitajibu yote, hakuna wa kunibabaisha. Na kama kuna aliyewahi kuponzwa na maneno yake mwenyewe kazini aandike hapa tumsome.

Ila msiniulize kama Zumbe alipona kwa dawa au kwa zile kabari. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile, picha ya mtu aliye hai sijawahi tena kuigonga.