Gari la Baba Lililofika Kibondo Mgongoni mwa Fuso

Baba yangu aliendesha magari ya serikali maisha yake yote ya kazi, kwanza Kasulu, baadaye Kibondo, na yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki hata pikipiki. Alipostaafu, mwaka 2013, mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa muuguzi hospitalini Kibondo, nikiishi naye katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga kidogo kidogo. Tulikuwa wawili tu. Jioni tulikula, tukasikiliza taarifa ya habari, kisha akaniuliza hali ya wagonjwa bila kutaka kujua majina yao.

Mwaka huohuo nilimpeleka kwa daktari wa macho, kwa sababu alikuwa ameanza kugonga vitu: fremu ya mlango, ndoo, kona ya meza. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba imeshaharibu sehemu kubwa. Akatueleza kwa upole kwamba ugonjwa huo huanza kula pembeni ukisogea katikati. Mtu anaweza kusoma gazeti vizuri na asimwone aliyesimama ubavuni mwake. Dawa ya matone ingepunguza kasi yake, lakini kilichopotea hakirudi.

"Na hiki kilichobaki kitanifikisha wapi?" baba aliuliza.

"Mzee, hilo siwezi kukuahidi."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alitembea katikati kabisa ya barabara, mbali na mitaro.

Mafao yake yalipotoka nilidhani atajenga vyumba vya kupangisha kama wastaafu wengine. Badala yake akauza na shamba alilorithi Kitanga, akavaa suti yake ya kanisani, akaniambia niombe ruhusa kazini nimsindikize Kasulu.

"Kuna nini Kasulu, baba?"

"Kuna gari."

Nilijua ni lipi. Kila aliyepita Kasulu siku zile alilijua. Mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Tanga, aliyekuwa na duka la vipuri na yadi ya magari karibu na soko, alilipata Mwanza kwa kubadilishana na pikapu mbili. Lilikuwa gari la spoti, la milango miwili, rangi ya damu ya mzee, fupi kiasi kwamba kuingia ndani ilibidi uiname kama anayeingia kwenye kibanda cha kuku. Mwenye nalo wa kwanza alilitumia miezi michache akahama nchi, hivyo viti vilikuwa bado vinanukia upya. Maharusi walikuja kupigia picha pembeni yake. Kununua hakuna aliyethubutu, maana barabara zetu zilikuwa za vumbi na mawe, na lami ilikuwa ile ya mjini tu, nayo fupi.

Nilimwambia baba wazi kwamba sikubali. Macho yake hayamruhusu, nikasema, na gari lile halifai huku hata kwa mwenye macho mazima. Kaka yangu akapiga simu kutoka Mwanza. "Mzuie," akaniambia. Nikampa baba simu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Nimekusikia, mwanangu," akakata.

Kisha akanigeukia. Yeye huniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Miaka yote nimeendesha gari za watu kwa mwendo wa watu, mama. Mkubwa akisinzia nyuma, napunguza. Akichelewa mkutano, naongeza. Mwendo wangu mwenyewe siujui mpaka leo. Na mbele bado naona. Mbele naona vizuri kabisa."

Niliomba ruhusa kazini. Tukapanda basi la asubuhi.

Mwenye yadi alimwamkia shikamoo kwa mikono miwili, akatuletea viti kivulini na kahawa. Aliposikia tulichofuata akauliza, "Mzee wangu, unamnunulia kijana?"

"Najinunulia mimi."

Yule bwana alikoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari. "Nikwambie kweli ya Mungu. Gari hili nimelipenda, na mteja simfukuzi. Lakini hapa si kwao. Ukitoka tu kwenye lami, tumbo lake linasugua mawe. Ile pikapu pale ni nzima, ningekupa hiyo kwa moyo mweupe."

"Pikapu nimeendesha," baba alisema.

Turubai likaondolewa. Baba alilitazama gari kipande kwa kipande, kwa kugeuza kichwa taratibu kutoka taa za mbele mpaka za nyuma, kwa kuwa lote kwa pamoja halikuenea tena machoni mwake. Akapiga magoti na suti yake, akachungulia chini. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akanusa. Akaomba liwashwe, akafumba macho akiisikiliza injini. Nilimwona amesimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama siku ya ndoa ya kaka yangu.

Alipotia sahihi mkataba, kalamu ilivuka ukingo wa karatasi ikaandika juu ya meza. Mwenye yadi aliivuta karatasi polepole mpaka ikawa chini ya kalamu.

"Mzee, nani anaendesha?"

"Mimi."

"Basi zungukeni kwanza hapa kwenye lami. Nitawafuata kwa pikipiki."

Baba aliliingiza barabarani kwa utulivu ule ninaoukumbuka tangu utoto, mikono haina haraka. Tulipofika mahali paliponyooka, pasipo nyumba nyingi, akakanyaga mafuta. Gari lilitupa migongo kwenye viti. Na baba akacheka. Tangu mama azikwe sikuwa nimeisikia sauti ile, na nilipoisikia nikasahau kuogopa.

Mwanamke mmoja alikuwa anatokea kwenye kichochoro cha kushoto, anasukuma baiskeli yenye gunia la mihogo mikavu. Mimi nilimwona toka mbali. Nilidhani na baba amemwona.

"Baba!"

Alishika breki kwa nguvu. Gari likasimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa yule mama, ambaye kwa mshtuko aliachia baiskeli. Gunia likapasuka na mihogo ikatawanyika juu ya lami. Hakuumia. Alipopata pumzi alianza kufoka kwa Kiha, akamuuliza baba kama ni kipofu.

Baba alishuka. "Nisamehe, mwanangu," akasema, akachuchumaa kuokota. Alichukua mihogo iliyokuwa mbele ya uso wake, mmoja baada ya mwingine. Ile iliyolala karibu na viatu vyake, kulia na kushoto, aliiacha. Akasimama akidhani amemaliza. Kisha mguu wake ukakanyaga mmoja, akapapasa chini kwa kiganja mpaka akaupata.

Yule mama akanyamaza. Akapiga magoti karibu yake, wakawa wanaokota pamoja. "Pole, mzee," akasema. "Basi, acha. Nitaokota mimi."

Mwenye yadi alikuwa ameshafika na pikipiki yake. Alimshika baba kiwiko, akamsogeza pembeni. "Mzee wangu, wino haujakauka. Nalirudisha gari yadini na wewe unachukua chako chote, tunabaki ndugu."

Baba alijipangusa unga wa mihogo kwenye suruali.

"Hapana," akasema. "Nililitaka, nimelinunua. Ila mimi siliendeshi. Nitafutie Fuso la kulibeba."

Ndivyo gari la baba lilivyofika Kibondo, limefungwa kamba mgongoni mwa Fuso, na baba mbele na dereva, mimi katikati yao. Tulipopita Makere, watu walisimama kandokando kuliangalia. Wengine waliuliza kama kuna harusi ya mkubwa. Baba hakugeuka. Alitazama mbele njia nzima.

Alilijengea banda la bati. Kila asubuhi alilifuta vumbi, akakaa kwenye usukani dakika kadhaa likiwa limezimwa, kisha akaingia ndani kunywa chai. Nilikuwa naondoka kwenda zamu huku nimebeba uchungu ambao sikuweza kumwambia mtu, maana watu mjini walikuwa wakicheka. Walisema mzee amechanganyikiwa kwa kufiwa na mke.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, akanirushia ufunguo. "Panda. Nitakufundisha."

Nilijifunzia kwenye uwanja wazi nje ya mji. Gari lilizimika mikononi mwangu mara nyingi mno, na yeye hakupandisha sauti. "Klachi usigombane nayo," alisema. "Iachie kama unavyomlaza mtoto." Nilipoiweza, nikawa namzungusha mjini, polepole, nikikwepa kila jiwe.

Halafu greda likapita barabara ya kuelekea Kitahana, na kwa siku chache ikawa laini kama sakafu. Akaniambia twende. Alishusha kioo, akatoa mkono nje.

"Ongeza," akasema. Nikaongeza. "Ongeza kidogo tena." Migomba ikawa inakimbia nyuma na mimi viganja vimelowa jasho. "Basi. Hapo hapo. Shikilia hapo."

Nikashikilia. Haikuwa kasi ya kutisha. Pikapu ya kawaida ingeifikia. Nilipomtazama kwa jicho la pembeni, machozi yalikuwa yanamtoka, na sikujua kama ni upepo.

Mabasi ya wakimbizi kutoka Burundi yalipoanza kufika wilayani, mwaka 2015, baba alikuwa anayatambua kwa mlio tu. Katikati ya macho yake nako kulikuwa kumefungika. Hospitali ilituelemea, nikawa nalala huko siku nyingine, na gari likakaa bandani tairi zikipungua upepo. Ni yeye aliyesema tuliuze.

Mnunuzi alikuwa kijana mpole kutoka Mwanza. Baba alimwomba jambo moja, atupakie mpaka Kakonko. Nikajikunja kiti cha nyuma, kidogo kama cha mtoto. Njia nzima baba alimwambia kijana kona iliyo mbele na korongo lililo baada yake, na kijana akaitikia, "Sawa, mzee."

Kakonko tulishuka. Baba alimpa kijana mkono, akamtakia safari njema, na hakuligusa gari. Likaondoka. Alisimama ameinamisha kichwa, akilisikiliza likipanda kilima.

"Anabadilisha gia mapema mno," akasema.

"Atazoea, baba."

"Atazoea."

Mlio ulipoisha nilimshika mkono, tukavuka barabara kutafuta chai. Basi la kurudi Kibondo lilichelewa sana siku ile. Tulikaa kwenye benchi la mgahawa, kikombe chake nimekiweka katikati ya mikono yake, na tukaongea habari za mama mpaka basi likaja.