Ng'ombe wa Masizi kwenye Ukuta wa Bibi

Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, wiki ya kwanza ya likizo yangu ya kidato cha tatu, bibi aliamka. Nasema aliamka kwa sababu tangu tuhamishiwe kijiji kipya alikuwa amelala tu, uso ukutani. Homa hakuwa nayo. Ukimpelekea uji anasema, "Weka hapo," na jioni unaukuta palepale, umeganda, una inzi.

Baba, mwanawe wa pekee, alisema ni uzee. "Mwacheni apumzike, amelima vya kutosha." Majirani nao wakadakia: apumzike, apumzike. Nililichukia neno hilo. Walivyokuwa wakilitamka ni kama jembe la kaburi lilikuwa limeshanolewa.

Basi Jumatano hiyo alitoka kwenda chooni, na wakati wa kurudi akaingia nyumba ya jirani. Si ajabu. Nyumba za mstari wetu zilikuwa sawa zote, udongo na nyasi, mlango katikati. Watoto wa pale walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi akatoka. Alipitiliza jikoni kwetu, akapangusa masizi ya chungu kwa kiganja, akaja kwenye ukuta wetu unaotazama barabara, akachora ng'ombe.

"Sasa nitapajua kwangu," akasema. Akarudi nyuma kidogo, akakunja uso. "Hizi pembe ni za mbuzi. Hebu niletee masizi mengine."

Jioni ile alikula ugali, akaomba na matandu.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Alinituma kuchota udongo mwekundu wa kichuguu. Alichukua kofia ngumu ya baba, aliyorudi nayo kutoka mgodini Geita, akaigeuza bakuli la kukorogea rangi. Miswaki yetu ya miti ikaanza kupotea mmoja mmoja. Kumbe anaitafuna ncha mpaka iwe kama brashi. Mlenda tuliopika kwa mboga aliuchota ute wake, akauchanganya na majivu ili rangi ishike. Siku moja akatia na magadi. Asubuhi tukamkuta ndama wa jirani ameramba ukuta, fahali mzima wa bibi kabaki kichwa na miguu ya mbele.

"Ameona mwenzake," bibi alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Alichokuwa akichora ni kaya yetu ya zamani, ile tuliyoiacha upande wa Samuye: ua wa minyaa, zizi, jiwe la kusagia mtama, na ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Wapita njia walisimama. Mimi ni mtu wa aibu. Hata dukani chumvi nainunua kwa kunyoosha kidole. Wakisimama watu, nilikuwa nikiingia ndani na kuchungulia. Lakini nilisikia.

"Bibi, mgongo hauumi?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Unauma. Ila nikilala unauma bure."

Balozi wa nyumba kumi alikuja Jumanne iliyofuata na ndoo ya chokaa kwenye baiskeli. Wageni wa wilaya wangepita kesho yake kukagua kijiji, na kila nyumba ya barabarani ilitakiwa iwe nyeupe.

"Mama, mtu mzima mwenye wajukuu unachezea udongo kama mtoto?"

"Na wewe mtu mzima unachezea nyumba za watu kama viberiti," bibi akamjibu bila kugeuka. "Umezipanga, umezipanga, mwishowe hatujui nani kalala wapi."

"Watu wanasema umechanganyikiwa."

"Nilipokuwa nalala mchana kutwa hawakusema. Walisema napumzika."

Mlangoni nilitamani kupiga makofi. Sikupiga. Balozi alimgeukia baba, akamwambia amri ni amri, akaiacha ndoo.

Baba aliikoroga chokaa mpaka ikalainika. "Mama, nisamehe," hatimaye alisema. "Tukikaidi, jina litakaloandikwa ni langu." Akaanza kupaka. Zizi likaondoka, minyaa ikaondoka, ng'ombe wakaondoka, na mwisho yule mwenye pembe za mbuzi. Bibi alikaa kwenye kigoda chake akimtazama mwanawe. Mara moja tu alisema, "Pale chini umepasahau."

Kisha akaingia ndani mapema, jua halijazama, akalala uso ukutani. Nikampelekea uji.

"Weka hapo," akasema.

Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia. Nilimlilia bibi na si picha. Nilijua uji ule ungeganda na inzi wangerudi, na safari hii wangemwacha apumzike kwelikweli.

Asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Bakuli la uji lilikuwa limerambwa. Nikatoka mbio, sijafunga hata khanga vizuri, nikamkuta mbele ya ukuta na kipande cha mkaa.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama, kama vile hakukuwa na jana. Akaupapasa ukuta. "Shika hapa. Laini! Kwenye udongo rangi ilikuwa inazama. Mwanangu amenitengenezea vizuri bila kujua."

"Bibi, wageni wanapita leo."

"Ndiyo maana nimewahi." Mstari mmoja mrefu ulikuwa umeshakaa, mgongo wa ng'ombe, bora kuliko wote wa mwanzo. Pembe alikuwa hajazifikia. "Mkono wangu haupandi zaidi ya bega. Wako unafika."

Barabarani watu walikuwa wakifagia. Wengine waliegemea fagio kutazama. Masikio yaliniwaka moto. Nikauchukua mkaa.

"Zitoke nje kwanza, halafu zirudi ndani," bibi aliniambia. "Usiogope. Ukikosea, watatuletea chokaa nyingine."

Balozi alifika akisukuma baiskeli, amevaa shati lake la mikutano. Akasimama.

"Shikamoo," nikamwambia kwa sauti, na pembe ya kushoto nikaendelea nayo.